Mizani inasema niko sawa, kioo kinakataa

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 21, niko chuo mwaka wa pili. Kimo changu ni sentimita 163, uzito kilo 58. Nimepiga hesabu ya BMI, kile kipimo cha uzito ukilinganishwa na kimo, nikapata karibu 22, wanasema iko sawa. Lakini nikisimama mbele ya kioo naona bonge kabisa, mpaka siku hizi mchana nakunywa chai ya tangawizi tu. Mwenzangu wa chumbani tunalingana kimo, yeye ana kilo 79 na anajiona wa kawaida. Hicho kipimo kinaaminika, au macho yangu ndiyo mabovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. (Mimi ni afisa lishe, udaktari mmenipa bure.) Hesabu yako ni sahihi: 58 ukigawanya kwa kimo chako kwa mita, 1.63, kisha jibu ukaligawanya tena kwa 1.63, unapata 21.8, na Shirika la Afya Duniani linaita 18.5 hadi 24.9 uzito wa kawaida kwa mtu mzima. Mwenzako anafika 29.7. Huo ni uzito uliozidi, na kiribatumbo inaanzia 30, kwa hiyo amebakiza kilo moja hivi.

Kwa hiyo mmekosea wote wawili, kila mtu na upande wake, na hilo nalikuta kazini kila wiki. Macho hayana kilo ndani yake, yanalinganisha tu. Wewe unajilinganisha na wasichana wa kwenye simu, waliochagua pozi moja kati ya hamsini. Yeye huenda amekulia kwenye nyumba ambayo mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, na akikonda anaulizwa anaumwa nini. Watu wazima bado wanakumbuka miaka ambayo msichana akipungua tu, mtaa mzima unanong'ona kuhusu UKIMWI.

Macho hayo yanaweza kubadilika haraka kuliko unavyodhani. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulikuwa sifa, televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari muda mfupi baada ya hapo, hakupata hata mmoja aliyejitapisha ili apungue. Aliporudi 1998 kuhoji kundi jingine, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo.

Kipimo nacho kina udhaifu wake. Kinatokana na hesabu za Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa anatafuta wastani wa umma, hakuwa anamtibu mtu. Hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakisemi mafuta yamekaa wapi. Mafuta ya tumboni ndiyo yenye kesi na kisukari na moyo; mapaja yanayokunyima usingizi hayana kesi kubwa.

Chukua uzi wa kushonea. Mwenzako akupime kuanzia kisigino hadi utosini, aukate hapo, aukunje katikati. Toa pumzi kawaida, usibane tumbo, kisha uzungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zikikutana bila kuvuta, kiuno chako hakijazidi nusu ya kimo, uko salama. Kisha mpime na yeye. Zisipokutana, usimcheke, mwambie aende akapime presha na sukari.

Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Kilo moja ikipanda karibu na siku zako, hayo ni maji.

Kinachonisumbua kwenye barua yako ni ile chai ya tangawizi. Rudisha chakula cha mchana kuanzia kesho, wali maharage na mchicha wa kantini unatosha. Na kama hedhi imeruka miezi mitatu, au umeanza kujitapisha, au hesabu ya chakula haikutoki kichwani hata darasani, nenda zahanati ya chuo ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Usianze na habari ya kilo, maana akiziona 58 anaweza kukurudisha hosteli.