Betri ya tela la kambi: maswali yenu, majibu ya fundi

Masika yakishakatika na njia za mbugani zikianza kukauka, maswali ya betri huanza kumiminika. Watu wanatoa matela uani, wanafuta vumbi, wanawasha friji, kimya. Kazi yangu ni umeme wa magari hapa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni magari ya utalii na matela ya kulala. Nimechukua maswali saba ya wiki hizi ambayo nayasikia tena na tena.

Fundi, habari za kazi. Tumenunua tela dogo la kulala. Tuko watu wazima wawili na watoto watatu. Lina friji la lita 40 na taa mbili, na simu nne zitachajiwa humo. Tunataka kukaa Tarangire siku tatu. Dukani nimeambiwa betri ya N70 inatosha. Ni kweli? (Mama wa Njiro)

Nzuri, mama. Haitoshi. Nitakupa hesabu yenyewe, maana ukiishika hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Friji la aina hiyo, kompresa ikizunguka, hula kama ampea 4. Kompresa haizunguki muda wote. Hupumzika na kurudi. Kwa ubaridi wa Njiro inaweza kufanya kazi saa 8 kwa siku, lakini Tarangire kuna joto, na watoto watatu watalifungua friji kila dakika. Weka saa 9 au 10. Ampea ukizizidisha kwa saa, hapo ni karibu ampea-saa 38. Taa mbili za LED za wati 5, saa nne kila usiku, ni ampea-saa 3 na ushee. Simu nne, tuseme 5 au 6. Jumla unakaribia ampea-saa 46 kwa siku moja.

Sasa N70 ina kama ampea-saa 70. Lakini betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, ukiitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo halali yako ni 35. Mkifika kambini saa sita mchana, kesho yake asubuhi hiyo nusu imekwisha. Halafu N70 ni betri ya kuwashia injini. Sahani zake za risasi zilizomo ndani ni nyembamba, zimeundwa zitoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha alteneta, ile dinamo ya injini, izirudishie papo hapo. Ukiikamua polepole usiku kucha, safari chache tu imeharibika. Unayoihitaji ni dipu saiko, hizi ambazo wengi wanaziita betri za sola.

Kuna jambo moja ambalo wenye duka hawalitaji. Mkienda kutazama wanyama, tela linabaki kambini. Gari linazunguka siku nzima likichaji betri yake lenyewe, na betri ya tela haipati kitu. Kwa hiyo panahitajika paneli ya sola. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hurudisha kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Ukitoa hizo kwenye 46, upungufu ni kama 20 kila siku, yaani 60 kwa siku tatu. Betri moja ya lithiamu ya 100 inaubeba upungufu huo bila shida. Kwa betri kavu za AGM, ningefunga mbili za 100.

Na paneli usiigandishe juu ya paa la tela. Kila mtu akifika kambini anatafuta kivuli cha mgunga, na kivuli cha tawi moja tu juu ya paneli kinaweza kukata umeme mwingi mno. Chukua ya kubebeka, yenye waya wa mita kumi. Tela likae kivulini, paneli ikae juani.

Kaka, mimi ni dereva wa utalii. Betri ya maji, kavu au lithiamu, wewe ungefunga ipi kwenye tela? (Sakina)

Ya maji nisingefunga kwenye tela la kulala. Bei yake ni rahisi, na nyumbani kwenye sola inafanya kazi vizuri ukiitunza. Lakini wewe njia unazijua. Ile mitetemo ya barabara za vumbi, zile zenye mawimbi, inazichokoza sahani hadi unga wake unadondoka chini ya betri. Asidi inaruka. Na inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, sasa iweke chini ya godoro ambalo mtoto wa mgeni amelalia. Kama huna njia nyingine, iwe kwenye boksi la nje lenye tundu la hewa juu, maana haidrojeni hupanda.

AGM ndiyo niliyofunga mara nyingi zaidi. Sahani zimebanwa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyofyonza asidi yote, kwa hiyo haimwagiki na mitetemo inaistahimili. Shida yake ni uzito: ya 100 ina karibu kilo 30. Ukiweka mbili kwenye pua ya tela, ujue umeongeza kilo 60 juu ya toubaa yako, kile chuma cha kuvutia tela.

Lithiamu, na hapa nasema ile ya fosfeti ya chuma, LiFePO4, ni kilo 11 hadi 13 kwa 100 ileile. Unaweza kuitumia asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, na huhimili mizunguko ya kujaza na kutumia elfu mbili na zaidi, ilhali AGM ukiishusha nusu kila mara unahesabu mamia. Bei ndiyo inayouma mwanzoni. Kwa mtu anayetoka mara mbili kwa mwaka, AGM inamtosha. Wewe uko njiani kila wiki msimu mzima, jikaze ununue lithiamu. Angalizo moja: haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ukilala ukingo wa Ngorongoro mwezi wa saba unaijua ile baridi ya alfajiri, basi betri iwe ndani ya tela, na paneli uichomeke jua likishapanda.

Naweza kuchemsha chai kwa birika la umeme kupitia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani? (Boma Ng'ombe)

Birika la wati 2,000 kwenye volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160. Waya unapata moto kabla ya chai. Beba mtungi mdogo wa gesi.

Shikamoo fundi. Tela langu lina AGM ya 100, nimeiunga na gari kwa plagi ya taa za nyuma. Nikitoka Moshi hadi Arusha nafika betri haijajaa, hata nikienda mpaka Karatu bado. Betri ni mbovu? (Kijana wa Pasua)

Marahaba, kijana wangu. Betri yako yaelekea ni nzima, tatizo ni njia ya umeme. Hili swali ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu, kwa sababu lilinifundisha kwa uchungu.

Miaka ya nyuma nilimfungia mteja tela kwa waya wa milimita 2.5, uleule wa soketi za nyumba. Akaenda Natron na familia yake. Alivyorudi alikuja moja kwa moja gereji, akafungua friji mbele yangu. Sihitaji kuelezea ile harufu. Nikachukua mita. Kwenye betri ya gari, injini ikiwaka, volti 14.2. Nikatembea hadi nyuma, nikagusa teminali za betri ya tela: 13.2. Volti nzima ilikuwa imepotelea njiani. Nilimlipa nyama yake na waya nikautoa wote siku ileile.

Sababu ni hii. Kutoka betri ya mbele hadi ya tela ni kama mita 7, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 14 za shaba. Kwa waya wa 2.5 zikipita ampea 10 unapoteza karibu volti moja. AGM inahitaji kufikishwa 14.4 au juu kidogo ili ijae. Ukiipa 13.2 itajisogeza hadi robo tatu hivi kisha itasimama hapo, hata uendeshe mpaka Musoma. Na waya wa plagi ya taa mara nyingi ni mwembamba kuliko huo.

Vuta waya wa milimita 16, na upeleke hasi kwa waya wake, usitegemee chuma cha tela na lile vumbi la kwenye toubaa. Kisha weka chaja ya DC kwenda DC karibu na betri ya tela. Kazi yake ni kupokea umeme uliochoka na kuupandisha hadi kiwango ambacho betri yako inakitaka. Kwenye magari mapya haikwepeki, maana alteneta zake hupunguza volti zenyewe ili kuokoa mafuta. Kwa lithiamu ni lazima zaidi, kwani lithiamu huvuta umeme kwa pupa kiasi cha kuunguza alteneta. Chaja ya ampea 20, kwa saa mbili na nusu za Arusha hadi Karatu, inarudisha kama ampea-saa 50. Hilo ni zaidi ya friji la siku nzima.

Hata hivyo usitegemee Moshi–Arusha ijaze betri ya risasi iliyoshuka nusu. Asilimia 20 za mwisho inazipokea taratibu, saa nne, saa tano. Ilaze kwenye chaja ya ukutani usiku wa kuamkia safari.

Na fyuzi weka mbili, moja karibu na kila betri, ndani ya shubiri moja. Waya huo una betri pande zote mbili. Ukichubuka katikati kwenye chasisi, fyuzi moja haikuokoi, kwa sababu betri ya upande wa pili inaendelea kuulisha moto. Nimeona tela lililoungua kwa namna hiyo. Wenyewe walikuwa wametoka kuteka maji. Tafadhali usilifanyie hili ubahili.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nililaza tela tangu Machi, mwezi wa sita nakuta betri inasoma volti 9. Nimeichaji siku mbili, inajaa upesi na kuisha upesi. Kuna fundi anataka kuibadilishia asidi. (Usa River)

Shikamoo mwalimu. Pole sana. Usimpe hiyo kazi. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, sahani zake huota chumvi ngumu ya salfeti, na hapo panapoota hapafanyi kazi tena. Ndiyo maana inajaa upesi: nafasi imebaki ndogo. Asidi mpya haiondoi chumvi hiyo. Kwenye betri ya maji tunaongeza maji safi ya betri tu, kwa sababu kinachopungua ni maji.

Betri hiyo imekwenda. Kwa inayofuata, ukishalaza tela ijaze kabisa, kisha uchomoe waya wa hasi, kwani inveta na redio hunyonya hata zikiwa zimezimwa. Kila mwezi ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa. Ikisoma 12.6 au zaidi iko salama. Ikifika 12.4 ichaji. Ikifika 12.2 ujue nusu imeshaondoka. Ukihamia lithiamu, yenyewe ilaze ikiwa nusu, na haitakusumbua masika yote.

Nina AGM ya miaka mitatu. Naweza kuiunga sambamba na lithiamu mpya? (Kijenge)

Hapana. Kila moja inataka chaji yake, na moja itakuwa inailisha nyingine usiku kucha. Hata AGM mpya na ya zamani zisichanganywe: nzee inaizeesha mpya. Nunua mbili za aina moja, siku moja.

Kuna jamaa ananiuzia betri za mnara wa simu, anasema ni 150 na bado nzima, bei nusu. Nichukue? (Ngaramtoni)

Kwanza omba risiti au karatasi ya mnada. Minara inaibiwa betri, na ukikutwa nayo wewe ndiye mwenye kesi. Zinajulikana kwa umbo: ndefu na nyembamba, teminali zote mbili zimeelekezwa mbele. Hana karatasi, ondoka.

Akiwa na karatasi, endelea. Ipandishe kwenye mizani ya magunia. Betri ya risasi haiwezi kudanganya uzito, ampea-saa zake ni risasi iliyomo ndani. Ya 150 inayosoma kilo 28 si ya 150, stika iseme itakavyo. Hii itumie hata dukani kwa betri mpya, nimeshuhudia "100" ya kilo 19.

Uzito ukikubali, ijaze, iache usiku mmoja ipumzike, kisha ifunge balbu ya taa kubwa ya gari, wati 55. Inakula kama ampea 4.5. Iwashe saa 1 asubuhi. Saa 11 jioni zima, utakuwa umetoa karibu ampea-saa 45. Iache ipumzike hadi saa 3 usiku, kisha pima. Kama kweli imebaki na 150 zake, mita itakuonyesha karibu 12.4. Ikisoma 12.2, unashika betri ya 90 au 100, na bei ijadiliwe upya. Na kama balbu imefifia na kuwa ya njano kabla ya adhuhuri, mfungulie mwenyewe waya, mpe betri yake.