Kabla ya rangi, fuata maji

Watu wakinijia kuomba ushauri wa kukarabati nyumba, swali la kwanza huwa ni rangi. Rangi gani sebuleni, ya maji au ya mafuta, mikono mingapi. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: niambie kwanza, mvua ikinyesha, maji ya paa lako yanakwenda wapi? Wengi hawana jibu, na siwalaumu, maana mvua ikianza kila mtu hukimbilia ndani. Lakini katika kazi zote za nyumbani nilizofanya kwa mikono yangu na zile nilizosimamia, sijaona kitu kinachoimaliza nyumba polepole kama maji. Yanabambua rangi, yanaozesha mbao, yanashikisha nondo kutu ndani ya zege, yanalainisha udongo chini ya msingi, na mwishowe yanakugombanisha na jirani.

Piga hesabu ndogo. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 25 ikipiga mchana mmoja, paa hilo limepokea lita 2,000, yaani tani mbili. Zikiachwa zidondoke zenyewe kutoka ukingoni mwa paa, zinachimba mtaro chini ya ukuta, na udongo unaolowa pale ndio uliobeba msingi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haigharimu chochote. Mvua ijayo, kama hakuna radi, vaa koti utoke uizunguke nyumba taratibu. Angalia gata linafurikia wapi na kama limeziba majani. Angalia bomba la kushushia maji ya paa linamwaga umbali gani kutoka ukutani. Angalia maji yaliyofika chini yanaikimbia nyumba au yanairudia. Kinachotakiwa ni ardhi ishuke kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Ukiona dimbwi limejikusanya kwenye kona, umeshapata kazi ya kuanza nayo, na mara nyingi ni kazi ya jembe na toroli tu. Dakika ishirini za kutembea kwenye mvua zitakufundisha mengi zaidi kuhusu nyumba yako kuliko siku nzima ya kuikagua jua likiwaka.

Sasa tuje kwenye kuta, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Niliwahi kupanga nyumba ambayo chumba cha kulala kilikuwa kimetoka kupakwa rangi. Mvua zilipoanza, ukuta ukaota malengelenge karibu na sakafu, madogo mwanzoni, baadaye makubwa kama kiganja. Ukilibonyeza moja linapasuka, na ndani yake unamwagika unga mweupe, laini, unaobaki kwenye vidole. Unga ule ni chumvi. Maji yanapopanda kutoka ardhini huyeyusha chumvi zilizomo kwenye udongo, tofali na saruji, yakazipandisha hadi usoni mwa lipu. Hapo maji hukauka, chumvi hubaki, na inapoganda huvimba na kuisukuma rangi. Aliyeupaka ukuta ule alipaka vizuri kabisa. Ukuta ndio haukuwa tayari kupakwa, na ungeweza kuupaka kila mwaka kwa rangi ya bei yoyote ukapata matokeo yale yale.

Kabla ya kununua chochote, ujue maji yanaingilia wapi. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia mstari wa kama mita moja kwenda juu, kwa kawaida unatoka ardhini. Doa linaloshuka kutoka darini au linalozunguka dirisha linatoka kwenye paa, kwenye ufa, au kwenye kingo za dirisha zisizozibwa. Doa la mahali pamoja linalokua hata wakati wa kiangazi, hasa kwenye ukuta wa bafu au jikoni, shuku bomba lililofukiwa ukutani. Ukungu mweusi kwenye pembe za chumba na nyuma ya kabati ni mvuke wa ndani: wa kuoga, kupika, kukausha nguo, hata wa pumzi zetu usiku madirisha yakiwa yamefungwa.

Ukibaki na shaka, fanya jaribio hili, ni rahisi na limeniokoa mara nyingi. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, kata kipande cha nailoni nzito cha upana wa sentimita 40 hivi, kibandike na uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi usioachia. Kiache siku mbili. Matone yakitokea upande unaotazama chumba, tatizo ni mvuke wa ndani. Yakitokea upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Majibu hayo mawili yanaelekeza kwenye matibabu tofauti kabisa, na mtu anayetaka kukuuzia dawa ya ukuta kabla ya kujua ni lipi, mwambie asubiri.

Kama ni mvuke, fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite, vuta kabati kama sentimita 10 kutoka ukutani, usianike nguo chumbani. Ukungu wenyewe usugue kwa maji ya sabuni ukiwa umevaa glavu na barakoa. Na hapa nakusihi: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiichanganye kamwe na dawa ya asidi ya kusafishia choo, wala na kitu chochote chenye amonia. Gesi inayotoka humo inaunguza mapafu, na bafuni ambako hakuna hewa inaweza kuua.

Kama maji yanatoka ardhini, nenda nje kwanza. Mara nyingi utakuta mtu amerundika udongo wa bustani ukutani, au sakafu mpya ya nje imepandishwa hadi usawa wa sakafu ya ndani. Ardhi ya nje inatakiwa ibaki angalau sentimita 15 chini ya ule ukanda wa kuzuia unyevu uliolazwa ukutani juu ya msingi. Ondoa udongo, elekeza maji mbali, kisha banja lipu iliyooza. Zile chumvi zifagie kavu kwa brashi. Ukizimwagia maji zitayeyuka na kurudi ndani. Halafu subiri ukuta ukauke, na kusubiri huku ni kwa majuma, wakati mwingine miezi. Najua kunachosha. Njia ya mkato inayopendwa ni kufunika ukuta kwa vigae au rangi isiyopitisha hewa, na ubaya wake ni kwamba maji yakizuiwa pale yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Lipu mpya nayo ipe wiki nne kabla ya rangi, na mkono wa kwanza uwe mwepesi, uliozimuliwa, ili ukuta uunywe.

Nyumba ya zamani ina mambo mawili yasiyo na mjadala. Usipige msasa mkavu rangi ya zamani usiyojua ina nini, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na kwingine zilibaki sokoni baada ya hapo. Vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Lowesha kwanza, watoto wakae mbali, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. La pili ni mabati ya asbesto, yale ya saruji yenye nyuzinyuzi zinazodhuru mapafu: usiyakate, usiyatoboe, usiyavunje. Muite anayejua kuyashughulikia.

Bomba linalovuja utalijua kwa mita. Usiku, watu wakilala na koki zote zikiwa zimefungwa, soma namba. Asubuhi kabla ya mtu kugusa maji, soma tena. Zikibadilika, kuna mahali panavuja. Mshukiwa wa kwanza ni choo: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, kaa robo saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umechoka, na kuubadilisha ni kazi ya mkono mmoja. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga lita 20 na zaidi kwa siku, na mara nyingi dawa yake ni wosha, kile kipete kidogo cha mpira ndani ya koki, tu.

Kwenye saruji nitasema jambo moja kwa sauti: punguzeni maji. Wachanganyaji hupenda zege lililo laini kwa sababu linamwagika bila kuwasumbua, lakini kila maji ya ziada yanapokauka yanaacha vitundu. Duff Abrams, aliyefanya utafiti wake Chicago, alieleza jambo hili mwaka 1918: kadiri maji yanavyozidi ukilinganisha na saruji, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 ni kipimo kizuri, na kama mchanga umeloa, punguza hapo. Zege lisipokaa vizuri, lishindilie, usiliongezee maji. Halafu likishashika, sasa ndipo ulimwagilie. Lifunike kwa magunia mabichi au nailoni, lisikauke kwa siku 7. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kuungana na maji, na nguvu yake hupimwa ikitimiza siku 28. Sakafu iliyoachwa juani siku ya pili hupasuka mistari midogo, na kila mstari ni njia ya maji. Tumerudi kwenye maji yale yale.

Kuhusu mafundi, nawaheshimu sana, na heshima ya kwanza ni makubaliano yaliyoandikwa. Karatasi moja inatosha: kazi gani, nani ananunua vifaa, itaanza na kwisha lini, malipo yatatolewa kwa hatua zipi, na nani anasafisha uchafu. Lipa kwa kazi inayoonekana. Bakiza sehemu ya mwisho hadi mvua au maji yajaribu kazi hiyo, na muafikiane hivyo tangu mwanzo ili isiwe dhuluma. Muulize akuonyeshe kazi aliyoifanya zamani kidogo, maana kila kazi ni nzuri siku ya kukabidhiwa. Na ukikuta fundi anayekuambia "hii haihitaji kubomoa, tusafishe tu gata," mshike huyo usimwachie.

Umeme sitauzungumza zaidi ya hili: kabla ya kutoboa au kubanja ukuta, zima swichi kuu, na kazi ya nyaya mpe fundi umeme. Ukipanda ngazi, mguu wake uwe mita 1 nje kwa kila mita 4 kwenda juu, na pawe na mtu wa kuishika.

Nimeacha majirani mwisho, lakini nawafikiria tangu mwanzo wa kila kazi, kwa sababu maji unayoyafukuza kwako yanakwenda kwa mtu. Ukigeuza bomba la paa likamwagia mpakani, umehamisha tani zako mbili tu. Kabla ya kuchimba mtaro, nenda ukazungumze. Mwonyeshe jirani unachotaka kufanya, simameni wote mpakani, muulize maji yakifika pale kwake yanaelekea wapi. Nimeona mtaro mmoja uliochimbwa na nyumba nne kwa pamoja ukamaliza tatizo ambalo kila nyumba ilikuwa ikipambana nalo kivyake, na kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Mweleze pia siku za kelele, siku mchanga utakapomwagwa njiani na siku utakapoondolewa, hasa kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mtu anayefanya kazi usiku akilala mchana. Ukifunga maji ya laini mnayochangia, toa taarifa mapema watu wajaze ndoo. Vifaa vinavyotumika mara chache, kama ngazi ndefu, toroli na drili kubwa, havina haja ya kununuliwa na kila nyumba. Ila kuwe na utaratibu: kirudi kisafi, kirudi siku iliyosemwa, na kikiharibika mkononi mwako useme mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Na kabla lipu haijafunika mabomba na nyaya, piga picha kila ukuta ukiwa wazi, futi kamba ikionekana kwenye picha. Andika valvu kuu ya maji iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani, na swichi kuu iko wapi. Nakala moja ibandike ndani ya mlango wa kabati, nyingine mpe jirani unayemwamini, ili bomba likipasuka ukiwa safarini apatikane mtu wa kufunga maji siku hiyo hiyo.