Nilivyohangaika Kutafuta pa Kufanyia Chi Kung Hapa Ujiji

Fundi cherehani utamtambua hata msikitini: wenzake wakishainuka kutoka kwenye rukuu, yeye bado anakusanya mgongo. Nimeshona miaka 26, kanzu na suruali za shule, na mgongo wangu ulikuwa umefika hapo. Hospitali walinipiga picha wakaniambia mifupa ni mizima, kinachoniumiza ni kukaa, nitafute mazoezi. Kukimbia, magoti yanakataa. Ndipo mpwa wangu, alipokuja likizo kutoka chuo, akaniwekea kwenye simu video za chi kung. "Mjomba," akasema, "haya hayana kuruka. Unasimama tu."

Nikadhani kazi itakuwa kujifunza ile miondoko minane wanayoiita baduanjin. Miondoko niliishika ndani ya wiki tatu. Kilichonichukua karibu mwaka mzima ni kupata pa kusimama, na hilo ndilo ninaloandika leo, maana wateja wanaoniona siku hizi nainuka kitini bila kushika meza wananiuliza nifanyie wapi, nifanyeje.

Kwa asiyeijua: chi kung ni mazoezi ya Wachina ya mwendo wa taratibu unaokwenda na pumzi. Chi ni pumzi, au nguvu ya uhai kama wanavyoiona wao. Kung ni kazi, ustadi unaokuja kwa kurudia. Siku hizi utaona limeandikwa qigong, ni lile lile. Ni mambo ya kale. Mwaka 1973, huko Mawangdui katika mji wa Changsha, kwenye kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, walifukua kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44 wakijinyoosha, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Picha hiyo nimeitazama sana kwenye simu, mwanzo kwa sababu ya hariri (kazi ni kazi), baadaye kwa sababu nilikuwa natafuta kitu. Nilitaka kuona wamesimama wapi. Hakuna. Watu 44, safu nne, na nyuma yao hakuna mti wala nyumba wala mlima. Mchoraji kaniachia hilo nihangaike nalo mwenyewe.

Video zenyewe zote zimepigwa mahali pa kupendeza: misonobari, ukungu, maji yametulia. Nikasema, sisi tuna Ziwa Tanganyika, tumekosa nini? Nikaanza Juni 2024, mwaloni, pale ufukoni mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Waliokuwa Kigoma mwaka ule wanakumbuka kwamba ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna kuvua tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Mitumbwi imepumzishwa, chanja za dagaa tupu, mchanga kimya. Nikajiona nimepata. Nikasimama pale wiki baada ya wiki nikitazama milima ya Kongo ikitoka gizani, nikawahurumia watu wa mijini wanaofanya mazoezi kwenye maegesho ya magari.

Agosti ziwa likafunguliwa. Nikafika kwa wakati wangu wa kawaida, na hapo ndipo wavuvi wanarudi. Taa zinazimwa, wachukuzi wanapigana vikumbo na mabeseni, kina mama wanagombania bei, na katikati yao kuna mzee mmoja kafumba macho, kakumbatia hewa. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mzee, unauza au unanunua?" Nikashusha mikono nikaondoka.

Tangu siku hiyo sikuulizi tena kama mahali ni pazuri. Nakuuliza: saa hiyo unayotaka wewe, pale ni pa nani? Kila mahali hapa kwetu pana wenyewe, na wanabadilika kwa saa. Uwanja wa mpira saa 12 na nusu asubuhi ni njia ya wanafunzi. Kivuli cha mbele ya duka ni cha bodaboda. Nenda siku tatu mfululizo ukae tu, bila kunyoosha hata kidole, uone nani anapita. Mwalo nao una siku zake za kupumua: mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi wa taa hawatoki, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mbele ya mwezi. Kama moyo wako uko ziwani, nenda siku hizo. Mimi bado naenda.

Lakini hata mwaloni pakiwa kimya, pana mambo mawili ambayo macho hayayaoni, na yote mawili nimeyapima kwa vifaa vya dukani kwangu.

La kwanza ni mteremko. Ufuko wote unashuka kuelekea majini, ukisimama na kulipa ziwa ubavu, mguu mmoja uko juu ya mwingine. Kwa dakika mbili huhisi kitu. Chi kung haina dakika mbili. Kuna zoezi la kusimama tu kama mti, mikono imezungushwa mbele kama umekumbatia pipa, na waliozoea husimama nusu saa. Mimi nilisimama dakika 15 kila siku kwenye mteremko ule na baada ya mwezi nyonga ya kushoto ikaanza kulalamika. Siku hizi nabeba rili ya uzi mfukoni. Naiweka chini pale ninapotaka kusimama. Ikibingirika, natafuta pengine. Kwenye mchanga haibingiriki, ni kweli, lakini mchanga nilishauacha: unazama kisigino kimoja, vidole vinashika chini kama vya kuku juu ya kamba, na mapaja hayalegei ng'o. Udongo ulioshikana ni mzuri kuliko vyote. Sakafu ya saruji inafaa ukivaa raba; peku asubuhi ubaridi unapanda.

La pili ni upepo. Walimu wa Kichina ninaowafuatilia wanatofautiana mambo mengi, ila hili wanakubaliana: usifanyie kwenye upepo. Tiba yao ya jadi inauhesabu upepo miongoni mwa visababishi vya maradhi. Sisemi kwamba ninaamini kila kitu. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja ya Julai, upepo wa kiangazi ukiwa unatoka ziwani, nilimaliza nikiwa na jasho mgongoni, nikakaa juu ya mtumbwi kupumzika, na siku nne zilizofuata nilikata vitambaa nikiwa nimegeuza kiwiliwili kizima kwa sababu shingo haigeuki. Chi au misuli, maumivu ni yale yale. Basi chukua uzi urefu wa mkono, uuninginize kwenye kidole. Ukining'inia wima au ukatikisika kidogo, pana hewa safi isiyokupiga. Ukilala pembeni, hama, au sogea nyuma ya ukuta.

Na kuhusu saa, msiwafuate wenye video kichwa kichwa. Wanasema saa 12 asubuhi, jua likichomoza. Kigoma saa 12 asubuhi ni usiku. Tuko magharibi kabisa mwa nchi na saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam. Wao wakishaliona jua, sisi tunangoja karibu dakika 40 zaidi. Kwetu linatoka kuanzia saa 12 na nusu hivi hadi saa 1 na dakika kumi hivi, kutegemea mwezi. Mimi nilitoka gizani, nimesimama bila kujitikisa, mikono wazi. Mbu wa malaria wanauma usiku hadi alfajiri, wangetaka nini zaidi? Subiri mwanga.

Sasa mwembe.

Nilipofukuzwa na dagaa, nilihamia chini ya mwembe kwenye kiwanja kisichojengwa, nyumba ya nne kutoka kwangu. Ujiji miembe haikosekani. Udongo umeshikana, rili imetulia, uzi umening'inia, kivuli kizuri. Kasoro nilizoziona ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani wakafanya viota; mmoja akikudondokea shingoni, utulivu wote kwisha. Nikasogea hatua tatu nje ya matawi. Nikaona nimemaliza.

Ambacho sikukihesabu ni kwamba nilionekana. Mtu mzima, alfajiri, peke yake, kwenye kiwanja kisicho chake, kasimama kama kisiki, kanyoosha mikono, midomo inatoa pumzi taratibu. Tena nikiwa nimeelekea mashariki kama video ilivyosema, kibla nimekipa bega la kushoto, kwa hiyo hata aliyetaka kunitetea kwamba ninaswali hakuweza. Wiki ya pili mwenyekiti wa mtaa akaja dukani na suruali isiyo na tatizo lolote. Akakaa. "Fundi," akasema, "kuna maneno."

Bibi mmoja jirani na kiwanja, mjukuu wake alikuwa na homa siku hizo. Mmeshaelewa.

Sikukasirika, ingawa mke wangu alikasirika kwa niaba yangu. Nilikwenda kwa yule bibi na mwenyekiti, nikamwonyesha video, nikamwonyesha picha yangu ya mgongo ya hospitali, kisha nikasimama palepale ukumbini kwake nikafanya mwondoko wa kwanza, ule wa kuinua viganja juu kama unasukuma dari. Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Kumbe mgonjwa tu!" Tukaachana kwa wema. Lakini kiwanjani sikurudi, na ushauri wangu hapa ni mzito kuliko ule wa rili na uzi: kabla hujasimama mahali popote panapoonekana, waarifu watu. Mwambie mwenye kiwanja, mwambie jirani anayekutazama, na usiwaeleze habari za nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Sema "mazoezi ya mgongo". Ni kweli na yanaeleweka. Msikitini nako niliulizwa kama hii ni ibada ya watu wengine. Nikajibu kwamba simwabudu yeyote, nanyoosha viungo na kuvuta pumzi, na anayetaka kuona aje. Walikuja wawili. Mmoja sasa anafanya kwake.

Unapoogopa kuonekana, mwili unajua. Nilikuwa nafumba macho chini ya ule mwembe huku masikio yamesimama kama ya sungura, mabega yamefika masikioni. Sehemu nzuri kwa rili na uzi, mbaya kwa mabega.

Mvua zilipokolea nikaingia ndani, na hili nitalisema kwa kifupi kwa sababu ni la hatari. Chumba kilikuwa na baridi, nikafunga dirisha, jiko la mkaa likiwa limeletwa ndani kukausha nguo. Mazoezi yenyewe ni kuvuta pumzi ndefu. Baada ya dakika kumi kichwa kiligonga na nikaona kichefuchefu, nikatoka nikishika ukuta. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Pasipo na dirisha wazi usifanye, na penye jiko linalowaka usifanye hata kidogo. Na kipindi cha mvua usikimbilie chini ya mti mkubwa uliosimama peke yake; radi ya Kigoma mnaijua.

Mwisho wa safari nikarudi pale nilipopaona kila siku: uani kwangu. Kona kati ya ukuta wa jirani na stoo, upana wa mikeka miwili. Ukuta unakinga upepo. Jua linaingia kwa juu. Sikuwa nimepafikiria kwa sababu video hazijawahi kupigwa karibu na ndoo za maji na kuku.

Hapo nako pana mwenyewe. Mke wangu, Mama Zuhura, anafagia uani asubuhi, na vumbi la ufagio ni baya kwa pumzi kuliko upepo wowote. Akimaliza kufagia anatoa vyombo, kisha anaanika dagaa juu ya turubai palepale kwenye kona yangu. Nilijaribu kwanza kubana pembeni. Akanitazama tu. Ikabidi tukae tuzungumze kama watu wanaopangishana fremu. Tukakubaliana: yeye anafagia na kunyunyiza maji, mimi naingia saa 1 kasoro dakika kumi, natoka saa 1 na robo, dagaa wanaanikwa mara tu nikitoka. Mimi kwa upande wangu nikachukua kazi ya kuteka maji jioni. Akichelewa kufagia, nachelewa. Wakija wageni, nafanya nusu. Kizunguzungu kikinijia, na kwa wenye presha hutokea wakisimama kwa muda, kigoda kipo karibu.

Kwa wapangaji, uani ni wa watu wengi na mazungumzo haya ni marefu zaidi, ila ni yale yale: muulize anayefagia kabla ya kumuuliza mwenye nyumba.

Mvua ikinyesha nahamia barazani. Ni nyembamba, na kwenye mwondoko wa pili, ule wa kuvuta upinde, ngumi ilikuwa inagonga ukuta. Nikapima kwa futi kamba, nikagundua kwamba nikisimama kimshazari, kisigino cha kulia kwenye ufa wa sakafu, mkono unanyooka wote na kubakiza vidole vinne.