Mchango tulitoa, hesabu hatusomewi

Swali: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa kijiji kimoja katika Wilaya ya Pangani, mkoani Tanga. Miaka miwili iliyopita mkutano wa kijiji uliazimia tujenge zahanati kwa nguvu zetu wenyewe. Kila kaya ilitoa shilingi 15,000, na sisi wanawake tukachota maji ya kufyatulia matofali kwa zamu. Boma lilifika kwenye lenta likasimama, na sasa mbuzi wanalala ndani yake. Katika mkutano uliopita nilisimama nikaomba tusomewe mapato na matumizi. Mwenyekiti alijibu kwamba hesabu ziko kwa mtendaji, na mtendaji akasema jambo hilo halimo katika ajenda za siku ile. Tangu hapo naitwa mchochezi. Je, nilikosea kuuliza? Na nikitaka kuendelea, nianzie wapi?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yetu. Hukukosea hata kidogo, na neno hilo walilokubandika lisikuvunje moyo. Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema Serikali itawajibika kwa wananchi, na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Boma lile ni mali ya namna hiyo, kwa hiyo siku uliposimama kuuliza ulikuwa unatimiza wajibu uliopewa na Katiba.

Chombo chenye kauli ya mwisho katika kijiji si mwenyekiti wala mtendaji, bali ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka mkutano huo ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inatenda kazi kwa niaba ya mkutano huo. Mtendaji ndiye anayeshika vitabu, na mwenyekiti ndiye anayeongoza kikao, lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kusema hesabu za fedha mlizochanga haziwahusu ninyi mliozichanga.

Tatizo ninaloliona katika barua yako ni kwamba swali lako liliulizwa kwa mdomo tu. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya kata kwa miaka kadhaa, na nilichojifunza huko ni kwamba swali ambalo halikuingia kwenye muhtasari halina pa kushikwa baada ya watu kutawanyika. Kwa hiyo kabla ya mkutano ujao andika barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, ukiomba mapato na matumizi ya zahanati yawe ajenda. Wapate majirani wachache watie saini pamoja nawe, kwa sababu barua ya watu kumi si rahisi kuitwa ya mchochezi. Ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya mkutano, omba swali lako na jibu lake viandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata muhtasari huo utakaposomwa, sikiliza kama vimo.

Uliza mambo yanayohesabika: kila kitongoji kilikusanya kiasi gani na kwa stakabadhi zipi, ni kiasi gani kiliingia benki, nani aliidhinisha malipo, fundi alilipwa kwa hati gani, na saruji na mabati yaliyobaki yamehifadhiwa wapi. Maji na matofali yenu pia yanapaswa kuthaminiwa na kuingizwa kwenye hesabu za mradi, maana nguvu za wananchi ni mchango kama fedha.

Katika kijiji kimoja cha pwani nilikokuwa nikipita, mtendaji alikuwa akibandika hesabu za ujenzi wa darasa kwenye mlango wa ofisi kila robo mwaka. Siku moja mzee mmoja alisoma mstari wa misumari, akasema fundi alitumia kilo nne na si sita zilizoandikwa. Watu wakaenda stoo, wakakuta kilo mbili hazijafunguliwa, hazikuwa zimeandikwa mahali popote. Mtendaji yule hakukasirika. Alisahihisha palepale kwa kalamu.

Nakusihi usianze kwa kumwita mtu mwizi. Maboma mengi husimama kwa sababu michango ilikuwa midogo kuliko kazi, na huenda hata la kwenu ni hivyo. Kama fedha ziliisha kwa haki, kusomwa kwa hesabu kutamsafisha mtendaji na kukupa wewe na wenzako hoja ya kuiomba halmashauri ya wilaya imalizie jengo.

Ukinyimwa bado, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu ombi la mwananchi. Baada ya hapo mpelekee malalamiko yako Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ya wilaya, umwombe amtume mkaguzi wa ndani. Zikionekana dalili kwamba fedha zimeliwa, piga simu TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kwa namba 113, haina malipo, au fika katika ofisi yao ya wilaya. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri kila mwaka, lakini hawezi kujua kama mlichota maji kwa wiki sita au kumi. Hilo mnalijua ninyi.

Swali: Shikamoo Mhariri. Niko Bagamoyo. Halmashauri ya kijiji chetu imemkabidhi mwekezaji shamba kubwa, na wengi wetu tumelisikia jambo hilo njiani. Je, inawezekana?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu kilichotolewa kwanza, na inaitaka itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida. Basi uliza jambo moja: mkutano uliotoa kibali ulifanyika lini? Kama ulifanyika, upo muhtasari wenye orodha ya mahudhurio na saini, na kama jina lako limo ilhali siku hiyo ulikuwa safarini, hilo nalo ni la kusema hadharani. Omba nakala yake kwa maandishi wiki hii, kabla nguzo za uzio hazijasimikwa.