Kabla ya kugusa pampu, soma kromatogramu yako

Kwenye HPLC, mashine ambayo pampu husukuma sampuli kwa kimiminika kupitia kolamu (mrija uliojaa chembe ndogo) ili viambata vitengane, foleni ikiwa ndefu na kila uchambuzi unakula dakika 25, mkono hukimbilia pampu kuongeza mtiririko. Mimi naanza na kromatogramu, mchoro ambao kila kiambata huonekana kama kilele: vile vilele viwili vinavyobanana kuliko vyote vimeachana kiasi gani? Utenganisho (umbali kati ya vilele ukilinganishwa na upana wao) wa 1.5 kwa kawaida unatosha. Ukikuta 4, weka kolamu ya nusu urefu bila wasiwasi. Utashuka hadi kama 2.8 tu, kwa kuwa utenganisho hufuata kipeuo cha pili cha urefu, huku muda na shinikizo vikipungua kwa nusu.

Kama huna akiba hiyo, punguza urefu na chembe kwa pamoja. Kolamu ya milimita 250 yenye chembe za mikromita 5 na ya milimita 150 yenye chembe za mikromita 3 hutenganisha karibu sawa. Tena chembe ndogo huvumilia kasi: ukitoka mililita 1 kwa dakika hadi 1.67, dakika 25 zinakuwa 9. Shinikizo ndilo litakalokubana, maana linapanda karibu mara 2.8. Ulikuwa baa 120? Sasa uko 330 na zaidi, na pampu nyingi za kawaida zinaishia 400. Kupasha kolamu hadi nyuzi 40 hupunguza mnato na kukupa nafueni, ila hakiki upya mpangilio wa vilele.

Kinachoniuma ni kuona kolamu nzuri ikilaumiwa kwa kosa la vitu vinavyoizunguka. Kilele chenye upana wa sekunde 2, kikisomwa na kigunduzi mara 2.5 kwa sekunde, kinapata nukta 5 tu; kinahitaji kama 20. Panga kigunduzi kisome mara 10 kwa sekunde au zaidi. Kisha tazama mirija: ya kipenyo cha milimita 0.25 ina ujazo zaidi ya mara nne ya ile ya 0.12, na humo kilele chembamba hutanuka kabla hakijaonekana. Fupisha kila kipande unachoweza.

Kwa wanaotumia gradienti (kubadilisha mchanganyiko wa kimiminika hatua kwa hatua uchambuzi ukiendelea), kila hatua ifupishwe kwa uwiano mmoja, ikiwemo ile ya kurudisha kolamu kwenye hali ya mwanzo. Mara nyingi hiyo ya mwisho husahaulika ikabaki dakika 10, ndefu kuliko uchambuzi wenyewe.