Skripti ya bajeti na duara la mahali: kwa wanaotangaza Malindi na Lamu

Bajeti ya siku unayoiandika kwenye Google Ads, huduma ya matangazo ya Google, si kikomo cha siku hiyo. Siku yenye watafutaji wengi Google huweza kutumia hadi mara mbili yake, kisha ikabana siku nyingine, mradi jumla ya mwezi isivuke bajeti hiyo mara 30.4. Ukiweka shilingi 2,000, Jumamosi moja inaweza kula 4,000 na hakuna kanuni iliyovunjwa. Hoteli kubwa haitalihisi hilo. Lakini mkahawa wa samaki Malindi, au nyumba ya wageni yenye vyumba vinne pale Shela, Lamu, unalipia matangazo kwa pesa ile ile ya umeme na mishahara. Biashara kama hizo ndizo zinazohitaji skripti zaidi ya wote.

Skripti hizi ni programu fupi za lugha ya JavaScript zinazokaa ndani ya akaunti yenyewe: Tools, kisha Bulk actions, kisha Scripts. Zinaendeshwa na seva za Google, kwa hiyo umeme ukikatika Lamu kazi haisimami.

Skripti ya kwanza hupanga upya bajeti ya siku, na hesabu yake ni mstari mmoja:

bajeti = (kikomo - matumizi) / siku_zilizobaki

Chukua kikomo cha mwezi cha shilingi 60,000. Asubuhi ya tarehe 11, katika mwezi wa siku 30, umeshatumia 27,000. Zimebaki 33,000 kwa siku 20, leo ikiwemo, basi bajeti mpya ni 1,650. Ni lazima leo uihesabu. Ukiiacha, tarehe ya mwisho utagawanya kwa sifuri na skripti itajaribu kuweka bajeti isiyo na mwisho.

Kosa ghali kuliko yote liko kwenye saa. Tarehe unayoipata kwa new Date ndani ya skripti husomwa kwa saa za Los Angeles, si za kwetu. Saa mbili asubuhi ya tarehe 1 hapa Lamu, kule bado ni saa tatu au saa nne usiku wa siku ya mwisho ya mwezi uliopita, kutegemea majira yao. Matumizi ya mwezi, kwa upande mwingine, husomwa kwa saa za akaunti. Sasa tazama kinachotokea: matumizi yanasomeka karibu sifuri kwa sababu mwezi umeanza, siku zilizobaki zinasomeka moja kwa sababu mwezi haujaisha, na kampeni inapewa shilingi 60,000 zote kwa siku moja. Dawa ni kupitisha kila tarehe kwenye Utilities.formatDate ukitaja "Africa/Nairobi", na kuhakikisha akaunti yenyewe iko kwenye saa hizo. Juu ya hapo weka kizuizi: skripti isiruhusiwe kamwe kuandika zaidi ya, tuseme, 4,000, hata hesabu ikileta nini.

Siku tatu za mwisho za mwezi gawa jibu kwa mbili, kwa kuwa ile ruhusa ya mara mbili bado ipo na hakuna siku za mbele za kufidia. Usiitegemee ile 30.4 ikulinde, maana hesabu yake hubadilika kila bajeti inapobadilishwa.

Skripti ya pili iendeshwe kila saa: isome matumizi ya akaunti nzima na kusimamisha kampeni yakifika asilimia 95 ya kikomo cha mwezi. Usingoje 100, kwani takwimu za gharama huweza kuchelewa kwa muda wa hadi saa tatu hivi. Soma jumla kutoka AdsApp.currentAccount, usijumlishe kampeni moja moja. AdsApp.campaigns haioni kampeni za Performance Max (zile Google huzisambaza yenyewe kwenye majukwaa yake yote) wala za video, na utadhani umetumia kidogo kuliko ulivyotumia. Kila kampeni inayosimamishwa na skripti ipewe lebo yake, ili tarehe 1 zifufuliwe zenye lebo hiyo tu, si zile ulizozizima kwa mkono kwa sababu zako. Na kama kampeni mbili zinagawana bajeti moja, kubadilisha ya moja kumebadilisha zote. Mbinu ya isExplicitlyShared itakuambia mapema.

Sasa mahali. Mbinu ya addProximity, inayoweka duara la eneo tangazo litakapoonekana, hudai latitudo, longitudo, nusu kipenyo na kipimo (kilomita au maili), kwa mpangilio huo. Katikati ya Malindi ni kama -3.2175, 40.1191. Ukisahau ile alama ya kutoa, duara lako linahamia Mandera, karibu na Takaba. Ukigeuza mpangilio, linaangukia Hispania, kusini-mashariki mwa Madrid. Skripti haitalalamika katika hali zote mbili, kwa sababu hizo ni nukta halali za dunia.

Duara la kilomita 15 kutoka katikati ya Malindi linaiacha Watamu nje. La 20 linaichukua. Kwa mji wa Lamu, kilomita 10 zinakupa Shela, uwanja wa ndege wa Manda na Mokowe, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni bahari. Ila simu isiyotoa mahali pake hukisiwa kwa anwani ya intaneti, na inaweza kuonekana iko Mombasa ilhali mwenyewe amekaa Mkunguni, katikati ya mji wa Lamu. Kwa Lamu napendelea kulenga Kenya nzima kwa maneno yaliyotaja Lamu, kuliko kubana duara hadi tangazo lisionekane.

Kuongeza duara hakuondoi mahali pa zamani. Kama 2404, namba ya Kenya kwenye Google Ads, bado imo, duara halifanyi kitu. Iondoe, lakini ongeza kwanza ndipo uondoe: skripti ikikwama katikati baada ya kuondoa, kampeni isiyo na mahali popote huonyeshwa dunia nzima.

Mkahawa uchague kuonyeshwa kwa waliopo mahali hapo tu, maana chaguo la awali la Google huchukua pia wanaopapenda kutoka mbali. Hoteli ya Malindi inayotafuta Waitaliano ifungue kampeni ya peke yake, Italia ni 2380, yenye tangazo la Kiitaliano na kikomo chake. Vikomo vya miezi viweke kwenye lahajedwali, si ndani ya msimbo. Pandisha kabla ya Kaskazi, watu wanapopanga safari za Desemba, na ushushe wakati wa masika.

Kabla ya kuwasha ratiba, bonyeza Preview na usome kila badiliko lililoorodheshwa. Skripti huendeshwa kwa ruhusa ya aliyeidhinisha, basi tumia barua pepe ya biashara. Ikiwa ni ya kijana wa ofisini na siku moja akaondoka, ukiifuta ruhusa yake skripti nazo zinakoma, na bajeti inabaki pale ilipoachwa mara ya mwisho.