Taa za miche ya chupa: usilipie mwanga usiouhitaji

Wanaoanzisha maabara ya miche ya tishu, yaani miche inayooteshwa kwenye chupa kutokana na vipande vidogo vya mmea, huniuliza kwanza taa za wati ngapi. Mimi huwarudisha kwenye sukari. Chakula cha mshubiri au pakanga ndani ya chupa kina gramu 30 hivi za sukari kwa lita, kwa hiyo mche unalishwa, haujitafutii. Maikromoli (kipimo cha mwanga unaoufikia mmea) 40 hadi 60 kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 za mwanga na 8 za giza, zinautosha. Jua la mchana hukaribia 2,000.

Kinachosumbua ni joto. Tyubu za zamani zina choki, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, na choki inachemka. Ukiifunga chini ya shelfu, chupa zilizo juu yake zinapata moto kitakoni. Mvuke unapanda, unatua kwenye mfuniko, matone yanadondokea miche, na baada ya wiki kadhaa majani yamevimba maji, yanang'aa kama kioo na kukatika ukiyagusa kwa koleo. Miche hiyo ukiipeleka kitaluni, mingi inakufa. Choki zitolewe nje ya chumba, au nunua taa za LED.

LED nyeupe, lakini. Muuzaji atakusifia za zambarau, zenye nyekundu na bluu, na ni kweli mmea unazitumia vizuri. Ila chini yake jani la kijani linaonekana jeusi. Umanjano huuoni, na ukungu unaoanza pembeni mwa chupa unaugundua umeshachelewa. Isitoshe, nyekundu ikizidi miche mingi hurefuka na kulegea.

Kuna vinavyotaka giza kwanza. Vipande vya Prunus africana, mti ambao gome lake hutumika kwa dawa za tezi dume, vikikatwa hugeuka kahawia na kuchafua chakula. Vifunike siku chache za mwanzo.

Kama uko Dar es Salaam, usiku wa mimea yako uweke mchana: zima taa saa tano asubuhi, ziwake saa moja jioni, madirisha yakiwa yamezibwa. Kiyoyozi kitapumua saa zile za jua kali. Kagua chupa asubuhi kabla taa hazijazimwa. Na taima iwe yenye betri, maana ile ya kuzungusha kwa mkono umeme ukikatika kwa saa tatu nayo inasimama kwa saa tatu, na ratiba yote inasogea bila mtu kujua.